Saa ya 75,000 inapima presha na sukari, ya milioni mbili haipimi. Ninunue ipi?

*"Nina miaka 47, ni mwalimu wa sekondari Dodoma. Mwaka jana nilipimwa presha ikakutwa 142/91. Daktari hakunipa dawa, alinishauri nipunguze chumvi na nifanye mazoezi. Sasa nakimbia kilomita nane mara nne kwa wiki, nimejiandikisha nusu marathoni ya Moshi, na Septemba nitapanda Kilimanjaro na wenzangu kwa njia ya Machame. Nataka saa. Dukani nimeonyeshwa ya shilingi 75,000: inapima presha, sukari, oksijeni, mapigo ya moyo na ina GPS. Rafiki yangu aliyeko Dubai ananipatia Garmin Fenix kwa milioni mbili na laki moja, lakini haipimi presha wala sukari. Kwa nini ya bei ghali ikose vitu muhimu hivyo? Na nikiwa juu mlimani, saa itanitahadharisha mwili ukianza kushindwa? Jambo lingine: simu yangu ilisema tumekimbia 8.6, saa ya mwenzangu niliyekuwa naye ikasema 8.1. Mkweli ni nani?"*

Mwalimu, hongera kwa kuanza kukimbia na kuendelea. Nimeona wengi wakiambiwa na daktari "fanya mazoezi" wakaishia kununua raba. Wewe umeshafika kilomita 32 kwa wiki.

Wasiwasi wako naufupisha hivi: unaogopa kulipa mamilioni kwa kitu chenye uwezo mdogo kuliko cha elfu sabini na tano. Ni hofu ya haki kabisa ukiangalia boksi tu. Lakini orodha iliyo kwenye boksi inakuambia saa inaonyesha namba gani. Haikuambii namba hizo zimetoka wapi. Nianze na presha na sukari, maana hapo pana hatari, halafu tuje kwenye mbio na mlima.

Geuza saa yoyote ya aina hii utaona taa za kijani mgongoni. Damu hunyonya mwanga wa kijani. Moyo ukipiga, damu nyingi zaidi hupita chini ya ngozi kwa nukta moja na mwanga unaorudi hupungua. Kati ya pigo na pigo huongezeka tena. Kuna jicho dogo linalohesabu kupanda na kushuka huko, na ndiyo mapigo yako kwa dakika. Hadi hapo saa ya 75,000 na ya milioni mbili zinafanya kazi ileile, ingawa si kwa ubora uleule.

Presha ni habari nyingine. Ni nguvu ambayo damu inasukumia kuta za mishipa, na njia iliyozoeleka ya kuipima ni kuubana mshipa kwa upepo mpaka damu isimame, kisha kuuachia taratibu na kusikiliza inapoanza kupita. Ndiyo maana mashine ya zahanati ina mkanda unaojaa. Mwanga peke yake haubani kitu. Samsung wanazo saa zinazokadiria presha kwa mwanga, lakini wanakutaka uisawazishe saa na mashine ya mkanda kila baada ya siku 28. Bila hivyo hawakubali namba zake. Huawei walipotaka saa ipime presha kwelikweli, kwenye Watch D, waliweka mfuko mdogo wa upepo ndani ya mkanda wa saa. Na Garmin wenyewe, ambao Fenix yao unaiona imepungukiwa, wanauza kipima presha cha mkono wa juu kama kifaa kinachojitegemea. Kampuni yenye uwezo wote huo imeamua kutoiweka presha kwenye taa za kijani za Fenix. Hilo likupe picha ya hiyo ya dukani.

Jaribu mwenyewe kabla ya kulipa. Pima kwa saa hiyo ukiwa umetulia, kisha panda ngazi mbio na upime tena papo hapo, halafu mvalishe mtu mwingine mwenye umri tofauti. Nyingi zitakurudishia namba zinazozunguka 120/80 kwa kila mtu, kwa sababu hazipimi, zinabuni. Kwa mtu aliyewahi kukutwa na 142/91, namba ya kubuni inayosema 121/79 kila asubuhi ni mbaya kuliko kukosa namba. Itakutoa hofu uliyopaswa kuwa nayo.

Sukari ndiyo kabisa. Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Kuna saa zinazoonyesha sukari, ni kweli, lakini zinapokea namba kutoka kwenye kifaa kingine kilichobandikwa mwilini chenye uzi mwembamba sana ulioingia chini ya ngozi. Ukiwa na ndugu mwenye kisukari anayejichoma insulini, tafadhali mwambie asipange dozi kwa saa ya namna hii hata mara moja. Akijidunga kwa namba ya uongo anaweza kuzimia usingizini.

Kwa hiyo Fenix haijakosa vitu muhimu, imekataa kudai isichoweza. Hiyo haimaanishi ndiyo uinunue.

Tuje kwenye mapigo ya moyo, ambayo saa zote mbili zinapima. Taa za mkononi husumbuliwa na mambo matatu yanayokuhusu wewe hasa. La kwanza ni mtikisiko. Ukikimbia, mkono na damu iliyomo hutikisika kwa mwendo wa hatua zako, na saa dhaifu huanza kuhesabu hatua ikidhani ni mapigo. Ukiona saa inasema 172 wakati unaongea na mwenzako bila kuhema, na hatua zako ni karibu 172 kwa dakika, umeshajua kilichotokea. La pili ni ngozi. Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, nayo hunyonya mwanga wa kijani, hivyo kwenye ngozi nyeusi jicho la saa hupata mwanga mdogo zaidi wa kufanyia kazi. Saa nzuri huongeza nguvu ya taa na kuchuja vizuri zaidi. Za bei ya chini mara nyingi hazijisumbui. La tatu ni baridi: mwili ukipoa huondoa damu mikononi, na saa hubaki ikitafuta kisichopo. Usiku wa kilele utakutana na hilo.

Vaa saa vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, ikaze bila kukata damu, utapata nafuu. Ila dawa halisi ni mkanda wa kifuani. Huo hautumii mwanga. Unasoma umeme wa moyo wenyewe, kwa hiyo hauulizi rangi ya ngozi wala baridi. Kwa mtu mwenye historia ya presha anayefanya mazoezi makali, saa ya kawaida yenye mkanda wa kifuani itakupa ukweli zaidi kuliko Fenix iliyovaliwa peke yake.

Hapohapo niseme kuhusu zile "kanda" za mapigo, yaani viwango kuanzia mbio nyepesi hadi kali, ambazo saa zitakupangia zenyewe. Nyingi huanza na hesabu ya 220 kutoa umri. Kwako ni 173. Hiyo ni wastani wa watu wengi, na mtu mmojammoja anaweza kuwa juu au chini yake kwa mapigo kumi au zaidi. Usijitese kwa sababu saa imewaka nyekundu. Mbio zako nyepesi ziwe zile unazoweza kutamka sentensi nzima bila kukatika pumzi. Kipimo hicho ni cha bure na hakiishi chaji.

Sasa 8.6 na 8.1. Satelaiti za GPS ziko kama kilomita 20,200 juu yetu. Saa inapokea ishara kutoka angalau nne, inapima muda kila ishara ilioutumia njiani, na kwa muda huo inajua ilipo. Ishara ikigonga ukuta wa jengo au jabali kwanza, inafika imechelewa, na saa inadhani uko mita kadhaa pembeni. Nukta hizo zikiunganishwa, njia iliyonyooka inakuwa na makona ambayo hukuyakimbia, na umbali unaongezeka. Simu iliyo mfukoni, imefunikwa na mwili na nguo, hupata shida zaidi. Kwa hiyo nikilazimika kuchagua bila kuona ramani zenu, ningeiamini 8.1 kuliko 8.6, ingawa nisingeapa kwa yoyote.

Uliza swali hili dukani: GPS ni ya saa yenyewe, au inaazima ya simu? Saa nyingi za bei ya chini huandika "GPS" kwenye boksi wakati zinatumia ya simu yako kwa Bluetooth. Namna ya kujua ni rahisi. Zima simu kabisa, tembea nje dakika kumi na tano ukiwa umewasha zoezi la kukimbia, kisha rudi uunganishe. Ukiona mchoro wa njia uliyopita kwenye ramani, GPS ni yake. Ukiona umbali bila mchoro, imekisia kwa kuhesabu hatua. Zile saa za kopi zenye umbo la Apple Watch Ultra zinazouzwa sana Kariakoo nyingi huangukia hapo.

Saa za juu kama matoleo mapya ya Fenix husikiliza satelaiti za Marekani, Urusi, Ulaya na China kwa pamoja, tena kwa masafa mawili, na hilo husaidia sana kutambua ishara iliyogonga ukuta ikarudi. Katikati ya maghorofa au chini ya majabali utaona tofauti. Barabara za Dodoma zilizo wazi? Kidogo mno. Na siku ya nusu marathoni usishtuke saa yoyote ikikuonyesha 21.3. Umbali rasmi ni kilomita 21.0975, lakini njia za mashindano zinazothibitishwa hupimwa kwa baiskeli maalumu kwenye mstari mfupi kabisa unaoweza kukimbilika, na huongezwa mita moja kwa kila kilomita ili zisije zikawa fupi. Wewe utakata kona kwa upana, utapita watu. Fuata vibao vya kilomita vya barabarani, saa ikusaidie muda tu.

Mlima. Hapa ndipo wauzaji wa saa za gharama wanapong'aa, na kwa sehemu wana haki. Fenix ina barometa, na mgandamizo wa hewa ukipungua saa inajua unapanda. Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, hewa ina takribani nusu ya mgandamizo wa usawa wa bahari. Barometa hufuatilia mwinuko vizuri kuliko GPS, ila lazima uisawazishe mahali ambapo mwinuko unajulikana: kambi nyingi zina kibao, Barafu kwa mfano ni mita 4,673. Usiposawazisha itakudanganya, maana mgandamizo hubadilika hata ukiwa umelala. Huku kwetu karibu na ikweta mgandamizo huo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku kwa mpangilio kabisa, hivyo usishangae saa ikisema umepanda mita ishirini wakati hukutoka hemani.

Ramani za Fenix ni nzuri mno. Swali ni kama utazihitaji. Kilimanjaro huruhusiwi kupanda bila mwongozaji mwenye leseni, na kwenye njia ya Machame utakuwa na waongozaji na wapagazi wanaoifahamu kuliko ramani yoyote. Chaji? Fenix 7 ilitangazwa na saa 57 za kurekodi kwa GPS. Lakini saa ya kukimbia ya Coros Pace 3, iliyotoka 2023 kwa dola 229, ilitangazwa na saa 38, na ina barometa pia. Safari ya siku saba ukitembea saa tano hadi nane kwa siku, yoyote kati ya hizo huenda ikahitaji kuchajiwa tena, na benki ya chaji ya mfukoni inamaliza kazi. Lala na saa na benki hiyo ndani ya begi la kulalia, kwa sababu betri za lithiamu hupoteza nguvu kwenye baridi, na usiku wa kilele ifunike saa kwa mkono wa koti.

Kuhusu kutahadharishwa mwili ukishindwa, nitasema bila kuzunguka: hapana. Hakuna saa ya kutegemea kwa hilo. Oksijeni ya damu inayopimwa mkononi ni dhaifu kwenye baridi na mtikisiko, na hata vile vipimo vya kidoleni vya hospitali vina kasoro inayotuhusu. Utafiti uliochapishwa 2020 katika jarida la New England Journal of Medicine uliwalinganisha wagonjwa Marekani ukakuta vipimo vya kidole vilikosa kuona upungufu mkubwa wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe: asilimia 11.7 dhidi ya 3.6. Halafu kuna ugumu wa kuisoma namba yenyewe. Oksijeni ya asilimia 80 kwenye wodi ya Dodoma ni dharura, ilhali juu ya mita 5,000 watu wengi wanaotembea vizuri huwa karibu na hapo. Na mwenye 88 anaweza kuwa ndiye anayeumwa.

Anayeumwa anajulikana kwa dalili. Kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida: usipande juu zaidi mpaka zipungue, na mwambie mwongozaji siku hiyohiyo. Akishindwa kutembea kwenye mstari ulionyooka kisigino kikigusa kidole, akianza kuongea visivyoeleweka, akihema akiwa ameketi, au akikohoa povu lenye wekundu, ateremshwe mara moja hata kama ni saa nane usiku na kilele kinaonekana. Nimesikia watu wakibishana na mwongozaji kwa kumwonyesha saa, "mbona inasema 90?" Usiwe mmoja wao, nakuomba.

Basi pesa yako ungeielekeza wapi? Hiyo ya 75,000 iache. Haifai kwa presha, na kwa mbio itakukatisha tamaa. Ukitaka tu saa ya kukuamsha, kuhesabu hatua na kukuonyesha ujumbe bila kutoa simu, za bei ndogo kutoka kampuni zinazojulikana zinatosha kabisa. Amazfit Bip 5, kwa mfano, ni ya bei ya chini na ina GPS yake.

Fenix nayo, kwa mahitaji uliyonieleza, ni kubwa kuliko safari. Ningemshauri aichukue mtu anayeongoza watalii mlimani mwezi kwa mwezi, anayekimbia peke yake saa nyingi kwenye milima kama Usambara ambako akipotea hana wa kumuuliza, au anayejua ataitumia kwa miaka mingi na kuigonga kwenye mawe. Kama pesa ipo na moyo unaitaka, inunue kwa amani, ni kifaa kizuri. Ila usijiambie ni kwa ajili ya afya.

Ningekupa saa ya kukimbia ya daraja la kati: Coros Pace 3 niliyoitaja, au Garmin Forerunner 165, zote zina GPS yake na barometa. Ongeza mkanda wa kifuani. Ongeza kipima presha cha mkono wa juu kilichothibitishwa, na hakikisha mkanda wake unaenea mkono wako. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba. Majina ya mashine zilizothibitishwa yako kwenye orodha ya STRIDE BP, shirika la kimataifa linalokagua vipima presha; angalia modeli kabla ya kununua. Vyote vitatu kwa bei zinazotangazwa havifikii fedha ya Fenix. Ukiagiza kupitia mtu, aiunganishe saa na programu rasmi ya kampuni kabla ya kutoka dukani. Saa iliyoandikwa Garmin inayodai programu nyingine ni feki, na arudi nayo kaunta saa hiyohiyo.

Katika vitu vyote nilivyotaja, kipima presha ndicho ningekitanguliza. Kaa dakika tano umeegemea kiti, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, usiongee, usiwe umetoka kukimbia wala kunywa kahawa ndani ya nusu saa. Pima mara mbili kwa kuachana dakika moja, asubuhi na jioni, siku saba. Tupa namba za siku ya kwanza, tafuta wastani wa zilizobaki. Ukiwa 135/85 au zaidi nyumbani, rudi kwa daktari na daftari lako. Ukikuta 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, macho kutoona vizuri au upande mmoja wa mwili kulegea, nenda hospitali wakati huohuo, usisubiri kupima tena kesho.

Na kabla ya Septemba lazima uonane na daktari ana kwa ana hata kama namba ni nzuri. Presha huelekea kupanda mtu anapokwenda kwenye mwinuko mkubwa, na ya mwaka jana haikuambii ya sasa. Mwambie wazi kuwa unakwenda mita 5,895 na kwamba unakimbia. Akiamua kukuanzishia dawa, zipo kama atenolol na bisoprolol zinazoshusha mapigo, na hapo kanda zote za saa yako zitakuwa hazina maana. Zipo zinazoongeza mkojo, na ukichanganya na Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko ambayo wapandaji wengi hupewa na nayo huongeza mkojo, unaweza kukaukiwa maji mlimani. Usichukue Diamox kwa rafiki. Kama una mzio wa dawa za salfa ndiyo usiiguse kabla ya kumwambia. Nenda kwake mwezi Juni, si wiki ya mwisho ya Agosti, ili akibadilisha kitu mpate muda wa kuona mwili wako umepokeaje.